Wavulana wa Kettering na Siri ya Plesetsk

Mnamo mwezi wa Novemba 1966, zama ambazo dola mbili kubwa za ulimwengu zilikuwa zikishindana kurusha vyombo angani na kila moja ikimficha mwenziwe yale iliyoyajua, ilitangazwa nchini Uingereza habari ambayo haikutoka katika idara ya ujasusi wala katika afisi ya waziri, bali katika chumba cha fizikia cha skuli ya wavulana ya Kettering, mji mdogo wa washona viatu katika jimbo la Northamptonshire: ya kwamba Warusi walikuwa na kituo kingine cha kurushia roketi, kaskazini mwa nchi yao karibu na mji wa Plesetsk, ambacho serikali yao haikupata kukitaja hata siku moja.

Aliyekuwa imamu wa kazi hiyo ni Geoffrey Perry, mwalimu wa fizikia, akisaidiwa na Derek Slater, mwalimu wa kemia aliyekuwa na shauku kubwa ya mambo ya redio. Tangu Sputnik ya kwanza ilipopaa mwezi wa Oktoba 1957 ikilia angani kwa sauti ambayo yeyote mwenye redio ya mawimbi mafupi aliweza kuinasa, waalimu hawa wawili walitambua kwamba Warusi, bila ya kukusudia, wamewapa skuli zote za dunia kifaa cha kufundishia ambacho hakuna hazina ya elimu ambayo ingekubali kukilipia. Kusudio la Perry lilikuwa dogo. Alitaka wanafunzi wake wasikie kwa masikio yao lile jambo alilolieleza Christian Doppler wa Austria mwaka 1842, kwamba sauti au mawimbi ya kitu kinachokujia hupanda, na ya kitu kinachokwenda zake hushuka, kama honi ya gari la moshi inavyobadilika linapompita mtu kando ya reli. Setilaiti ipitayo juu hufanya vivyo hivyo. Na mwenye kupima vyema jinsi mawimbi yake yanavyoshuka, na saa na dakika yalipobadilika, huweza kujua chombo kilipita wakati gani, kwa umbali gani na kwa mwendo gani.

Basi wakaanza, kwa redio moja, saa ya kupimia nukta, karatasi za hesabu na subira. Mwaka 1960 walifuata safari ya Sputnik ya nne. Kuanzia Machi 1962 ilipoingia silsila ya setilaiti zilizoitwa Kosmos, kazi ikawa ya kudumu, maana jina hilo moja lilifunika mambo mengi yasiyofanana: vyombo vya elimu, vyombo vya majaribio, na vile vya kupiga picha za nchi za watu, ambavyo aghalabu vilikaa angani siku nane kisha vikarudishwa ardhini pamoja na filamu zake. Gazeti la Moscow liliandika maneno yale yale kwa kila chombo, kwamba uchunguzi wa anga unaendelea. Lakini redio ya Kettering haikusoma magazeti, ilisikiliza tu, na kwa kuulinganisha mlio huu na ule, na siku za kukaa hiki na kile, wanafunzi wakaanza kutenga aina na aina, kama ambavyo mtoto wa pwani asiyepanda jahazi hata mara moja huweza kujua majahazi yote kwa matanga yake.

Tarehe 17 Machi 1966 ikarushwa Kosmos 112. Hapa ndipo penye utamu wa hadithi, na msomaji aniwie radhi nikikawia kidogo. Setilaiti ikisha kuingia katika njia yake hubaki katika njia hiyo hiyo, ilhali dunia inazunguka chini yake, hata kila mzunguko wa saa moja na nusu hivi huikuta ardhi imesogea kiasi cha digrii 23 kuelekea mashariki. Mwenye kujua saa ambayo chombo kimepita juu ya Uingereza, na muda wa mzunguko wake mmoja, anaweza kwa hisabati ya kawaida kukirudisha nyuma, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kwenye mstari kilipoanzia safari. Warusi walikuwa na desturi ya kutangaza mwinamo wa njia ya kila chombo kwa kupimia na Ikweta, na setilaiti zao zilizotangulia zilikuwa aghalabu za digrii 65 au pungufu. Hii mpya ilikuwa ya digrii 72, na saa za kusikika kwake hazikuafikiana na chombo kilichoondoka Baikonur, kituo chao kilichokwisha kujulikana. Mwezi wa Aprili ikafuata Kosmos 114, nayo ikafanya vile vile. Wavulana sasa walikuwa na mstari juu ya ramani, lakini mstari mmoja hauonyeshi mahali; huonyesha tu kwamba mahali pako juu yake, na mstari huo ulikata nchi kubwa kuliko zote duniani.

Wakangoja. Mwezi wa Oktoba ilipopaa Kosmos 129 kwa mwinamo wa digrii 65, mstari wake nao ulipochorwa kwa kurudi nyuma haukufika Baikonur, bali uliukata ule wa kwanza katika misitu ya kaskazini, kiasi cha kilomita 800 kutoka Moscow, katika jimbo la Arkhangelsk. Mistari miwili hukutana mahali pamoja, na mahali hapo ni Plesetsk. Habari ikachapishwa katika jarida la urubani la *Flight International*, na jina la skuli likaenea.

Insafu yataka tuseme kwamba si wao waliotangulia kujua. Wamarekani walikuwa wakipashuku mahali hapo tangu zamani. Hata Francis Gary Powers, yule rubani wa ndege ya kijasusi iliyotunguliwa tarehe 1 Mei 1960, njia aliyopangiwa ilikuwa impitishe juu ya Plesetsk, ila hakufika. Hata hivyo elimu iliyofungiwa sandukuni ni ya mwenye ufunguo peke yake. Ilivyokuwa, raia wa kawaida wa ulimwengu aliujua ukweli huu kwa wanafunzi wa skuli, na serikali ya Moscow yenyewe haikukiri kwamba kituo hicho kipo mpaka mwaka 1983, miaka 17 baadaye, wakati baadhi ya wavulana wale walikuwa wamekwisha kuwa baba za watoto.

Perry alipewa nishani ya ufalme mwaka 1973, akaendelea na kazi hiyo pamoja na jamaa wa nchi nyingine waliojiunga nao, hata alipofariki mwaka 2000. Kwangu mimi, sifa yake kubwa si kuijua Plesetsk. Ni kwamba hakuwapa wanafunzi jaribio ambalo jawabu lake limeandikwa mwishoni mwa kitabu. Aliwapa kazi ambayo yeye mwenyewe hakujua mwisho wake, akakaa nao kuungoja.

Kutoka kusikiliza vyombo vya wengine, vijana wa vyuo walivuka kwenda kuvitengeneza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Melbourne walitangulia kwa setilaiti ya Australis, iliyorushwa Januari 1970 huku baadhi ya nyuzi zake za kunasia mawimbi zikiwa ni utepe wa chuma wa fundi seremala. Kisha mwaka 1999, huko California, waalimu wa vyuo vikuu Bob Twiggs na Jordi Puig-Suari wakaweka kipimo cha setilaiti ya wanafunzi: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uzito usiozidi kilo moja na ushei, ili kijana aweze kuanza kazi na kuimaliza kabla ya kuhitimu. Vyombo vya kwanza vya kipimo hicho vilipaa tarehe 30 Juni 2003, vikiwa vimetengenezwa Japani, Denmark, Kanada na Marekani. Baadhi havikusikika kabisa baada ya kupaa. Kile cha Chuo Kikuu cha Tokyo kilidumu miaka mingi kikituma picha za dunia. Na roketi iliyovichukua iliondoka wapi? Plesetsk, mahali pale pale ambapo miaka 37 nyuma palikuwa hapatajwi.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake. Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio waliweka majukwaa yao ya San Marco baharini, na kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani iliyokusudiwa kwa elimu ya miale ya eksirei za mbinguni. Ilipita miaka 47 na ushei mpaka setilaiti ya Kenya yenyewe ikaelea angani: mchemraba wa Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, uliosaidiwa na chuo cha Sapienza cha Roma, na kutolewa katika kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei 2018 kwa mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani. Wanafunzi watatu wa Uganda waliojifunza huko Japani nao walifuata kwa setilaiti ya nchi yao mwaka 2022. Miaka 47 ni mingi mno, na siamini kwamba sababu yake yote ni fedha; roketi zilikuwa zikinguruma mbele ya macho yetu, lakini hatukuziingiza katika chumba cha fizikia.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa mwalimu wa skuli ya sekondari, awe Lamu au Kigoma. Kile kituo cha kimataifa hupita juu yetu, na mara kwa mara watu waliomo hutangaza kwa megahezi 145.8, mawimbi ambayo redio ndogo ya mkononi ya mawasiliano huweza kuyanasa. Chukua redio hiyo, saa na daftari, uwaite wanafunzi uani, uwaache wapime wenyewe.