Tusiache Mbachao kwa Mafuta Yapitayo

Ndugu msikilizaji, siku moja nilikuwa nimekaa kwenye kijiwe cha kahawa pale Mabawa, hapa Tanga, nikisubiri jua lipungue. Kijana mmoja wa bodaboda akaegesha pikipiki yake, akaniamkia, kisha akanitupia swali ambalo sijalisahau hadi leo. "Mzee wa redio," akasema, "hili bomba la Uganda likishafika Chongoleani, hapa kwetu petroli si itakuwa ya kunawia mikono?"

Wazee wa kijiwe walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua hesabu ya kijana yule. Anaamka alfajiri na kuweka mafuta. Jioni anatoa fedha ya mwenye pikipiki, anatoa fedha ya mafuta, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto. Petroli ikipanda kidogo tu, sufuria yake inajua.

Jibu fupi la swali lake ni hapana. Bomba lile, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 zimo ndani ya Tanzania. Mafuta yanayokusudiwa kupita humo ni ghafi, mazito kama nta, na hayana budi kupashwa moto ili yatembee. Ni mali ya Uganda na washirika wake, nayo huja pwani ili yapakiwe melini yakauzwe ng'ambo. Pikipiki haiendi kwa mafuta ghafi. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, TIPER cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1966, kiliacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Taifa litapata ushuru wa njia, na wananchi watapata ajira. Ni jambo jema, wala hatulibezi. Lakini bei ya lita moja hapa Mabawa itaendelea kupangwa na soko la dunia.

Jibu refu ni la historia, na ndilo ninalotaka tulizungumze wiki hii. Mkoa huu wa Tanga ulikuwa na nishati yake, isiyoletwa na meli, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Tuitazame ilitoka wapi, ilimfaa nani, na kwa nini tuliisahau.

Tuanze na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche ilikuwa 1,000, lakini iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyofunika Tanga, Muheza na Korogwe. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo ilipoanza kujengwa reli kutoka Tanga kwenda bara, na treni zake za mvuke zilikula kuni za misitu yetu.

Mkonge haukatwi ukauzwa hivihivi. Jani hupitishwa katika mashine ambayo watu wa mashambani huiita korona, likakwanguliwa nyama yake na kubaki nyuzi. Korona inataka nguvu nyingi. Wenye mashamba walitazama huku na huko, wakauona Mto Pangani, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, ukateremka kwa kishindo karibu na Hale. Mwaka 1931 ikaundwa kampuni ya Waingereza, Tanganyika Electric Supply, ambayo ndiyo asili ya jina tunalolijua leo la TANESCO. Katikati ya miaka ya 1930 maporomoko ya Pangani yakaanza kutoa umeme.

Sasa sikiliza vizuri. Umeme ule ulipita juu ya vichwa vya manamba waliotoka Songea, Kigoma na hata nchi jirani kuja kukata mkonge. Ulikwenda kwenye korona, kwenye nyumba za mabwana shamba na kwenye mitaa ya wakubwa mjini. Kambini kwa manamba kiliwaka kibatari. Na kibatari hunywa mafuta ya taa, mafuta yanayoletwa na meli. Kwa hiyo aliyeishi chini ya waya wa umeme wa mto wake mwenyewe ndiye aliyelazimika kununua mafuta ya ng'ambo ili amwone mwanawe usiku. Hilo ni fundisho la kwanza: nishati kuwa ya nyumbani ni jambo moja, na kumfikia mwenye nyumba ni jambo jingine.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1964 Serikali ilinunua hisa na kulishika shirika la umeme, na mwaka huohuo kituo cha Hale, chenye megawati 21, kilianza kazi. Umeme wa Hale ulisafiri hadi Dar es Salaam. Ndiyo, ndugu zetu wa Dar wanaotutania kwamba Tanga kazi yetu ni kulala, wakumbuke kwamba miaka ile taa zao ziliwashwa na maji yetu. Mwaka 1968 likafuata bwawa la Nyumba ya Mungu, megawati 8.

Lakini kumbuka pia kwamba mafuta ya miaka ile yalikuwa rahisi. Pipa moja lilikuwa likiuzwa kwa dola zisizozidi tatu hivi. Kitu kikiwa rahisi hakuna anayejiuliza kitapanda lini. Tulinunua malori, tukanunua jenereta za dizeli kwa ajili ya miji ya mikoani, tukaona maisha ndiyo hayo.

Oktoba 1973 vita vikalipuka Mashariki ya Kati. Kufikia Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imekaribia dola 12. Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yakaipandisha tena, hadi ikavuka dola 30. Nasi wakati huo tulikuwa katika vita vya Kagera, vilivyokula mafuta mchana na usiku. Wazee wetu wanakumbuka jinsi magari ya watu binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili alasiri. Wanakumbuka foleni za madebe kwenye vituo vya mafuta, na malori yaliyolala na mazao ya wakulima yakiozea maghalani.

Na mkonge je? Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Kisha zikaja nyuzi za viwandani, zinazotengenezwa kwa mafuta, na bei ya mkonge ikaporomoka. Mwalimu Nyerere alizoea kuwaeleza wakubwa wa dunia kwa mfano wa trekta: kati ya mwaka 1965 na 1972, tani za mkonge zilizohitajika kununulia trekta lilelile ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Tunachouza kilishuka, tunachonunua kilipanda. Mafuta yalitupiga makofi mashavu yote mawili.

Hapo ndipo akili zikarudi kwenye mito. Kidatu ilianza mwaka 1975, Mtera mwaka 1988. Hapa kwetu, kwa msaada wa nchi za Finland, Norway na Sweden, kituo kipya cha maporomoko ya Pangani, megawati 68, kilikamilika mwaka 1995. Ukikijumlisha na Hale na Nyumba ya Mungu, mto wetu mmoja ukawa na mitambo ya megawati 97.

Lakini mto nao una masharti yake. Mvua zilipogoma mapema miaka ya 1990, na hasa mwaka 1994, mabwawa yalishuka na mgawo wa umeme ukaingia nchi nzima. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Nilisomea mtihani kwa taa ya chemli, na asubuhi ukijifuta pua leso inatoka nyeusi. Taifa likafanya nini? Likakimbilia tena mafuta. Mwaka 1995 ulitiwa saini mkataba wa mtambo wa megawati 100 wa mafuta mazito pale Tegeta, ambao baadaye ulizaa kesi na mabishano ya miaka mingi. Ukame wa mwaka 2006 na ule wa 2011 ulituletea mitambo ya kukodi. Hilo ni fundisho la pili: anayekata msitu wa mlimani anaagiza dizeli bila kujua. Mkaa unaochomwa milimani na mifereji inayovuja huko juu ndiyo inayopunguza maji yanayofika Hale. Ofisi ya Bonde la Mto Pangani ilianzishwa mwaka 1991 kwa sababu hiyo, kwamba maji ni yaleyale na wanaoyagombea ni wengi.

Tusiishie kwenye mto. Pale Hale kuna jambo jingine ambalo Watanga wachache wanalijua. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi hazifiki kilo 5. Kilichobaki kilikuwa kikitupwa, kikichafua vijito na kunuka. Mwaka 2007, katika shamba la kampuni ya Katani, kwa msaada wa UNIDO na wengine, ulijengwa mtambo wa majaribio. Takataka za korona huingizwa katika tangi lisilopitisha hewa, vijidudu huzila na kutoa gesi, gesi huendesha injini, na injini huzalisha umeme. Masalio yake ni mbolea. Mtambo wenyewe ni mdogo, wa kilowati mia kadhaa tu, lakini ulithibitisha kwamba kilichotupwa tangu enzi za Mjerumani kilikuwa kuni.

Kwa nini basi mashamba yote hayakufuata mara moja? Kwa sababu kila mafuta yaliposhuka bei tulisema hakuna haraka, na kila yalipopanda tulisema hakuna fedha. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuipunguza makali. Ilibidi, kwa sababu wananchi walikuwa wanaumia. Lakini ruzuku ni maji ya kuzimia moto. Moto ukizimika, hujajenga nyumba.

Heri siku hizi kuna dalili njema. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, kisha ikafika Dodoma, na kila behewa linalovutwa kwa maji ya Rufiji ni dizeli isiyonunuliwa. Lakini nyaya bado zinatusumbua. Mwaka 2025 Serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, kwa sababu umeme wa kusini mwa nchi hupotea mwingi njiani kabla haujafika huku. Tunarudi palepale pa enzi za manamba: umeme upo, njia ya kumfikia mtu ndiyo nyembamba.

Kwa maoni yangu, ushuru wa mafuta yapitayo Chongoleani ungefaa kutengewa kazi tatu. Kwanza, kulinda misitu na vyanzo vya Mto Pangani. Pili, kutengeneza nyaya na vituo vya umeme vya Kaskazini. Tatu, kuwakopesha wenye mashamba ya mkonge, ili kila korona iwe na tangi lake. Bomba lina umri wake, na siku visima vya Uganda vitakapokauka, hizo zitabaki.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu mpya unapita, na hata jina lake ni bomba la kupitishia. Mbacha wetu ni mto, mkonge na jua la pwani.

Kijana yule wa Mabawa nilimjibu hivi: "Mwanangu, petroli haitakuwa ya kunawia mikono. Ombea siku pikipiki yako itakapokunywa umeme wa Hale, na bei yake ipangwe na watu unaoweza kuwapigia kura." Akacheka, akapiga teke pikipiki yake, akaenda kutafuta abiria.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.