Mbung'o na Nchi ya Mbulu

Zamani Wairaqw walijaa juu, katika vilima vya Mbulu, na Wadatoga walichunga katika tambarare za Hanang. Lakini aliyeshusha ng'ombe wake mpaka pori la Yaida, au chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Ziwa Manyara, huenda alirudi na ngozi tu. Aliyewazuia ni mdudu mdogo, mbung'o, awatiaye ng'ombe nagana na watu malale. Basi watu na mifugo wakasongamana vilimani, na udongo ukachukuliwa na mvua.

Wachungaji walijua mahali pa kuogopwa. Lakini mbung'o si aina moja. Akitua, mabawa yake hulaliana kama makali ya mkasi. Hapo utajua ni mbung'o. Kujua ni wa aina gani, hapana budi kumtazama kwa kioo cha kukuzia, hasa viungo vya uzazi vya dume.

Mwaka 1919 Bwana C. F. M. Swynnerton aliwekwa kuwa mkuu wa wanyama wa porini katika Tanganyika, akawachunguza wadudu hao kwa bidii. Mwaka 1923 Bwana Austen, mtaalamu wa nzi huko London, alitangaza aina mpya, akaiita Glossina swynnertoni.

Je, jina lilikuwa na faida gani? Lilionyesha makao. Mbung'o aitwaye morsitans hupenda miombo. Huyu hupenda pori kavu la migunga, wala hapatikani duniani ila kaskazini ya Tanzania na kusini ya Kenya. Basi mwenye kuchora ramani ya mbung'o sharti ajue miti. Kwa hiyo Swynnerton alifanya kazi pamoja na B. D. Burtt, bingwa wa mimea. Wote wawili walikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Makao yakijulikana, dawa nayo hujulikana. Jike huzaa mtoto mmoja mmoja. Pori likifyekwa, akikosa kivuli, kizazi chake hupungua. Watu wa Shinyanga walifyeka kwa shoka, na Mbulu vilevile pori likafyekwa, watu wakapata malisho. Hata leo mbung'o huyu yupo katika hifadhi za Tarangire na Serengeti.

Ndugu walimu, mwanafunzi akileta mdudu, mwambieni aandike mahali, siku, na mti alipomkuta. Katika maandishi madogo kama hayo nchi nzima hufunguliwa.