Shenron Ana Mwisho: Vitu Joka la Dragon Ball Haliwezi Kukufanyia

Kila wasee wa anime wakikutana, hii swali lazima itokee: kama kuna joka inatimiza kila ombi, mbona Goku na mbogi yake wasiombe tu Frieza adedi, stori iishe? Mbona watu wapigane mpaka sayari ipasuke na kuna njia fupi?

Jibu ni rahisi. Shenron hawezi kila kitu. Ana masharti, na Akira Toriyama, msee alianza kuchora manga ya Dragon Ball 1984 na kuimaliza 1995, alikuwa anaongeza hayo masharti mdogo mdogo vile stori inaendelea. Tumeyakusanya hapa. Kama bado hujawatch, jua tutataja wenye wanadedi.

Kwanza, venye anaitwa

Dragon Balls ni mipira saba, kila moja na nyota zake, kuanzia moja hadi saba. Ukizipata zote unamwita Shenron, anga inakuwa giza, anatokea, unaomba. Akishamaliza, mipira inatawanyika dunia nzima na kugeuka mawe kwa mwaka mmoja.

Hapo tayari una vikomo viwili. Cha kwanza ni muda: ukitumia ombi leo, ngoja mwaka. Cha pili, Shenron hajali ni nani alitoa jasho. Anaskiza mwenye ameongea kwanza. Ombi la kwanza kabisa tuliloona lilikuwa la Oolong, yule nguruwe. Emperor Pilaf alikuwa karibu kuomba kutawala dunia, Oolong akamruka akaomba chupi ya dem. Joka likatoa chupi likaenda. Dunia iliokolewa na chupi, na hiyo si mzaha wetu.

Hawezi kumpita aliyemuumba

Hii ndio sheria mama, na ukiishika nyingine zote zinaeleweka. Shenron alitengenezwa na Kami, mlinzi wa dunia, ambaye asili yake ni sayari ya Namek. Nguvu za joka zinaishia pale nguvu za Kami zinaishia.

Wakati Vegeta na Nappa walikuwa njiani kuja duniani, Oolong aliuliza kama Shenron anaweza kuwamaliza. Joka likakataa: Saiyan hao walikuwa wamempita nguvu aliyeliumba. Basi kama haliwezi Nappa, Frieza utamwombea nini?

Kitu kama hiyo ilirudi baada ya vita ya Cell. Krillin aliomba Android 17 na 18 wageuzwe binadamu wa kawaida. Shenron akashindwa, wale wawili walikuwa na nguvu kumpita. Krillin hakukata tamaa, akauliza: sawa, unaweza kutoa mabomu yenye wamewekewa ndani? Hiyo ikawezekana. Ombi lilikuwa la kumlinda dem alikuwa amemkufia, na miaka ilipopita wakaoana.

Kuna upande mwingine wa hiyo sheria. Fundi akidedi, joka pia linaisha. Kami na Piccolo walikuwa mtu mmoja zamani, kwa hivyo mmoja akifa mwingine anafuata. Piccolo alipojitoa mhanga mbele ya Nappa kumkinga Gohan, Kami aliondoka pia, na Dragon Balls za dunia zikaisha nguvu. Ndio maana Bulma, Krillin na Gohan walipanda chombo kwenda Namek. Na joka lenyewe linaweza kuuawa: King Piccolo aliomba arudishiwe ujana, akapewa, kisha akamuua Shenron papo hapo ndio asitumiwe na mtu mwingine. Ilibidi Kami alitengeneze upya.

Kufufua kuna masharti

Wasee wengi wanadhani kwa Dragon Ball kifo ni mchezo. Si hivyo.

Kwanza, Shenron anamrudisha mtu mara moja tu. Krillin aliuawa na Tambourine, kijana wa King Piccolo, akafufuliwa. Frieza alipomlipua Namek, Shenron hakuwa na la kufanya tena. Hiyo ndio hasira ilimfanya Goku awe Super Saiyan mara ya kwanza. Goku alipiga kelele vile kwa sababu alijua mlango wa Krillin umefungwa.

Pili, aliyekufa kifo cha kawaida harudishwi. Ugonjwa na uzee haviguswi, joka linafufua wenye waliuawa. Toriyama mwenyewe alituacha tarehe 1 Machi 2024 akiwa na miaka 68, kwa tatizo la damu kwenye ubongo. Mafans wengi walitamani mipira saba hiyo siku. Lakini kwa sheria zake mwenyewe, joka lingekataa.

Tatu, Shenron hashoni mwili wenye umeharibika hivyo. Kwa filamu ya 2015, Resurrection F, watu wa Frieza walimwomba bosi wao arudi. Alirudi, lakini vipande vipande, vile Trunks alikuwa amemkatakata. Ilibidi wamweke kwa mashine yao ya matibabu.

Porunga wa Namek yuko tofauti

Namek wako na joka lao, Porunga, mkubwa na mwenye misuli. Anatoa maombi matatu, na anaweza kumfufua mtu yule yule zaidi ya mara moja. Krillin alirudi kwa njia hiyo. Lakini wakati huo alikuwa anafufua mtu mmoja kwa kila ombi, na lazima uongee Kinamek. Frieza alikuwa na nguvu za kuharibu sayari, lakini lugha ilimshinda.

Hapa ndio utaona akili ya hawa watu. Dende alitumia ombi la kwanza kumfufua Piccolo, la pili kumleta Namek, kisha mzee aliyetengeneza mipira akafariki kabla ya la tatu. Joka likazima. Lakini Piccolo akiwa hai, Kami naye yuko hai, na Shenron amerudi. Kwa hivyo duniani waliomba wote waliouawa na Frieza na watu wake warudi. Mzee wa Namek akafufuka humo, Porunga akaamka, Dende akaomba wote walioko Namek wapelekwe duniani isipokuwa Goku na Frieza. Majoka mawili, kila moja na upungufu wake, yakazibiana mapengo.

Fundi mpya, nguvu mpya

Kami alipoungana na Piccolo, Dende akachukua kazi yake na kumpa Shenron maombi mawili. Lakini sheria ya kufufua mara moja ilibaki. Goku alikuwa ashafufuliwa mara moja kabla ya Saiyan kufika, kwa hivyo alipokufa na Cell, Shenron hangeweza. Wasee wakataka kwenda kwa Porunga. Goku mwenyewe, akiongea kutoka huko ng'ambo, akakataa. Alisema maadui wengi wanakuja duniani kwa sababu yake, na dunia itakuwa na amani zaidi bila yeye. Gohan akabaki bila babake, na Goten akazaliwa bila kumjua. Miaka saba ilipita kabla ya Goku kurudi kwa siku moja tu. Hapo joka halikukosa nguvu, mwenyewe ndiye alikataa.

Kwa filamu ya Super Hero ya 2022, Piccolo alimwendea Dende kwanza aongeze uwezo wa Shenron, ndio joka liweze kumfungulia nguvu zake zilizojificha. Ukitaka zaidi, anza na fundi.

Je, kuna joka bila kikomo?

Liko. Super Shenron wa Dragon Ball Super anatoka kwa mipira mikubwa kama sayari, iliyotawanyika katika ulimwengu mbili, na anaitwa kwa lugha ya miungu. Mashindano ya ulimwengu nane yalipoisha, zile zilizoshindwa zilikuwa zimefutwa kabisa. Aliyebaki amesimama akaomba zote zirudi, na zikarudi. Mshindi huyo ni nani? Android 17, yule yule Shenron alishindwa kumgeuza.

Lakini usidhani nguvu za bure ziko. Kwa manga ya Dragon Ball Super, Granolah aliomba joka la sayari yake limfanye shujaa nambari moja wa ulimwengu. Alipewa, ila joka lilikata miaka yake ya kuishi, akabaki na kama mitatu.

Ya kumaliza ubishi

• Kumuua adui mkubwa: hapana, akimpita fundi.
• Kumfufua aliyekufa kwa ugonjwa: hapana.
• Kumfufua mtu mara ya pili: Shenron hapana, Porunga ndio.
• Kuishi milele: ndio. Garlic Jr. alipewa kwa filamu ya 1989, akaishia kufungiwa kwenye giza la Dead Zone. Hafi, lakini hatoki.
• Kuongeza urefu: ndio. Frieza alitaka sentimita tano kwa filamu ya Broly ya 2018, akakosa kwa sababu wengine walifika kwa mipira kwanza.
• Kupewa habari: ndio. Shenron ndiye alieleza Goku njia ya Super Saiyan God, huku akitetemeka mbele ya Beerus.

Kwa hivyo msee akikuuliza tena mbona wasiombe tu Frieza adedi, mwulize yeye swali moja: Kami angemweza Frieza? Akisema hapana, amejijibu.