Kala Patthar na Safari ya Machweo ya Khumbu

Kala Patthar ni kilele cha miamba katika wilaya ya Solukhumbu, kaskazini-mashariki mwa Nepal, nacho ndicho upeo wa mojawapo ya safari za miguu zinazojulikana zaidi katika milima ya Himalaya. Jina lake lina maana ya "jiwe jeusi", na kwa hakika si mlima unaojitegemea, bali ni bega la ukingo wa kusini wa mlima Pumori wenye kimo cha mita 7,161. Mtu akikitazama kutoka bondeni huona tuta la rangi ya kahawia iliyokolea, lisilo na theluji kwa sehemu kubwa ya mwaka, limeegemea ukuta mweupe wa barafu. Kimo chake huandikwa mara nyingi kuwa mita 5,644, ingawa ziko ramani zinazotaja mita 5,545. Hakihitaji kamba wala shoka la barafu, wala hakimo katika orodha ya vilele vinavyotozwa kibali cha upandaji, lakini kwa kimo chake kinazidi milima yote ya Afrika isipokuwa Kilimanjaro.

Sifa ya Kala Patthar haikutokana na kimo chake bali na mahali kilipo. Msafiri aendaye hadi kambi ya chini ya Everest, iliyo mita 5,364 juu ya usawa wa bahari, hakioni kilele cha mlima alioufuata, kwa sababu mabega ya mlima huo pamoja na ukuta wa Nuptse (mita 7,861) humziba. Kala Patthar kiko ng'ambo ya bonde, takriban kilomita 9 na nusu magharibi mwa Everest, na kutoka hapo piramidi nyeusi ya mlima mrefu kuliko yote duniani, ambao kimo chake kilitangazwa na Nepal na Uchina kwa pamoja mwezi Desemba 2020 kuwa mita 8,848.86, hujitokeza wazi nyuma ya bega lake la magharibi. Hata hivyo mgeni huchanganyikiwa mara ya kwanza, kwa kuwa Nuptse, iliyo karibu zaidi, huonekana kuizidi Everest kwa urefu.

Thamani ya mahali hapo kama dirisha la kuitazama Everest ilitambuliwa mapema. Nepal ilikuwa imefungwa kwa wageni hadi karibu mwaka 1950, na mwaka huo Mwingereza Bill Tilman na Mmarekani Charles Houston waliingia Khumbu, eneo la Nepal lililo chini ya Everest, wakapanda miteremko ya Kala Patthar ili wachunguze upande wa kusini wa Everest, lakini sehemu kubwa ya njia ilikuwa imejificha nyuma ya kingo, nao wakaondoka bila matumaini makubwa. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Septemba 1951, wapanda milima Eric Shipton na Edmund Hillary walipanda juu zaidi katika ukingo huohuo wa Pumori, hadi kimo cha karibu mita 6,000, wakaona kwa mshangao kwamba bonde la ndani la barafu lilikuwa na njia inayopitika hadi kwenye shingo ya kusini ya mlima. Njia hiyo ndiyo waliyoifuata Hillary na Tenzing Norgay walipofika kileleni tarehe 29 Mei 1953. Mita mia chache za mwinuko, basi, ndizo zilizotenganisha kukata tamaa na ufumbuzi.

Safari ya kawaida huanzia Lukla, mji mdogo ulio mita 2,860 juu ya usawa wa bahari, wenye uwanja wa ndege uliojengwa mwaka 1964 chini ya usimamizi wa Hillary, ambao njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu na imeinama ili mteremko uisaidie ndege kusimama inapotua na kushika kasi inapoondoka. Kutoka hapo njia hufuata mto Dudh Koshi, ikivuka madaraja ya kamba za chuma, hadi Namche Bazaar (mita 3,440), soko kuu la Washerpa, watu wa asili ya Tibet ambao mababu zao walihamia Khumbu karne kadhaa zilizopita na ambao hufuata dini ya Kibuddha. Baada ya Namche huja Tengboche, ambako monasteri iliyojengwa mwaka 1916 ilibomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 1934, ikateketea kwa moto mwaka 1989, na mara zote mbili ikajengwa upya. Njiani hukutwa kuta za mawe yaliyochongwa maneno ya sala, ambazo kwa desturi ya Kibuddha hupitwa kwa kuziacha upande wa kulia, na wageni wanaozijali desturi za wenyeji hufanya vivyo hivyo.

Kabla ya kufika vijiji vya Dingboche na Pheriche miti hutoweka, na ardhi hubakia na nyasi fupi, mawe na vichaka vinavyotambaa. Katika kipito cha Thukla yamesimama minara midogo ya mawe iliyofungwa bendera za sala, kumbukumbu za watu waliofia katika milima ya jirani, miongoni mwao wapanda milima Mmarekani Scott Fischer na Babu Chiri Sherpa. Kisha njia huambatana na barafuto ya Khumbu, yaani mto wa barafu unaosogea polepole kutoka Everest. Barafu yake ya chini imefunikwa na kifusi cha mawe kiasi kwamba asiyeelezwa angedhani anatazama machimbo. Kituo cha mwisho ni Gorak Shep, kikundi cha nyumba za wageni kando ya uwanja wa mchanga uliokuwa ziwa zamani, kwenye mita 5,164. Nyumba hizo hupashwa joto na jiko moja la chuma katikati ya ukumbi wa kulia chakula, linalochochewa kwa mavi makavu ya yaki, ng'ombe mwenye manyoya marefu wa nchi hizo za juu, na joto hilo halifiki vyumbani.

Ugumu wa safari hii hautokani na miteremko yake bali na hewa. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ni karibu asilimia 21 kileleni kama ilivyo ufukoni, lakini kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa inayotugandamiza, hupungua kadiri mtu anavyopanda, na katika kimo cha mita 5,500 hubaki takriban nusu ya ile ya usawa wa bahari, hivyo kila pumzi huleta mapafuni nusu tu ya oksijeni iliyozoeleka. Mwili hujirekebisha kwa kupumua kwa kasi zaidi, kwa moyo kudunda haraka na, baada ya siku nyingi, kwa kuongeza chembe nyekundu za damu; marekebisho hayo huitwa uzoeaji wa mwinuko, na hayana njia ya mkato. Kanuni inayokubalika ni kwamba juu ya mita 3,000 mtu asipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na apumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne, ndiyo maana misafara yenye busara hulala siku mbili Namche na mbili Dingboche.

Asiyezingatia hayo hupatwa na ugonjwa wa mwinuko, ambao huanza kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na uchovu, na ukipuuzwa huweza kugeuka kuwa mojawapo ya hali mbili za kuua: maji kujaa mapafuni, ambapo mgonjwa huhema hata akiwa amekaa, au ubongo kuvimba, ambapo hupoteza utulivu wa mwendo na fahamu. Waongozaji wana jaribio jepesi la kuitambua hali ya pili: humtaka mtu atembee katika mstari ulionyooka akigusisha kisigino cha mguu mmoja na ncha za vidole vya mwingine, na anayeyumba hateremshwi kesho, huteremshwa saa ileile, hata kama ni usiku. Dawa ya asetazolamidi huharakisha uzoeaji kwa kuzifanya figo zitoe bikaboneti, jambo linalouchochea mwili kupumua zaidi, lakini haichukui nafasi ya kushuka. Chama cha Uokoaji cha Himalaya, kilichoundwa mwaka 1973, huendesha zahanati Pheriche katika misimu ya safari, ambako madaktari wa kujitolea huwatibu wageni na wenyeji.

Kupanda Kala Patthar kutoka Gorak Shep ni kupanda mita zipatazo 480, na huchukua saa mbili hadi tatu kwa aliyezoea mwinuko. Wasafiri wengi huamshwa kabla ya alfajiri ili walione jua likichomoza, desturi ambayo huenda imeenea kwa kuigwa kutoka milima mingine, kwa maana hapa haina hoja yenye nguvu. Kilimanjaro hupandwa usiku wa manane ili kilele kifikiwe asubuhi, na huko mpango huo unafaa, kwa sababu aliyefika kilele chake cha Uhuru hana mlima mwingine mrefu zaidi wa kutazama. Kala Patthar kinapandwa kwa ajili ya mlima mwingine, na mlima huo uko mashariki yake: asubuhi jua hutokea nyuma ya Everest, na mtazamaji huachiwa kivuli cheusi chenye ukingo unaong'aa, ilhali jioni jua huwa mgongoni mwake na huimulika Everest usoni, katika uso wake wa kusini-magharibi. Kwa hiyo machweo ndiyo saa halisi ya Kala Patthar.

Katikati ya Novemba jua huzama huko muda mfupi baada ya saa 11 jioni, na mwezi Mei karibu saa 12 na nusu, hivyo msafara wa majira ya vuli huondoka Gorak Shep kama saa 8 mchana, ukavuka uwanja wa mchanga na kuanza kupanda kwa hatua fupi za kupokezana na pumzi. Sehemu ya chini ni ya udongo na nyasi, ya kati hupungua mwinuko kidogo, na ya mwisho ni majabali yanayohitaji mikono, hadi kwenye ncha iliyozongwa na bendera za sala. Jua linaposhuka, mwanga wake hulazimika kupita katika tabaka refu zaidi la hewa, ambamo mawimbi mafupi ya buluu hutawanywa na yale marefu ya njano na nyekundu hubakia; ndipo theluji ya Nuptse inapogeuka kuwa ya dhahabu, kisha ya shaba. Wakati huohuo kivuli cha milima ya magharibi hupanda kutoka bondeni, kikiifunika kwanza barafuto, kisha kingo za chini, kisha Nuptse, mpaka mwanga unabakia kwenye ncha ya Everest peke yake. Ni katika dakika hizo ambapo tofauti ya kimo, ambayo mchana kutwa ilikuwa imefichwa na umbali, huonekana kwa macho bila kifaa chochote. Chini kidogo ya ncha hiyo huonekana pia Ukanda wa Njano, tabaka la miamba ya chokaa iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, na mawe ya kileleni penyewe yalifanyika chini ya bahari, kabla ya bamba la gandunia la Uhindi kuligonga lile la Eurasia na kuyainua yote.

Gharama ya uzuri huo ni baridi na giza. Mara tu jua linapotoweka halijoto ya vuli huweza kushuka chini ya nyuzi -10 za Selsiasi, upepo hauna kizuizi, betri za simu na kamera huzimika, na mteremko wenye mawe yaliyolegea hushukwa kwa taa za kichwani kwa muda wa saa moja au zaidi. Mtu aliyetumia nguvu zake zote kupanda hana akiba ya kushuka, na ajali nyingi za milimani hutokea katika kushuka. Mwenye dalili yoyote ya ugonjwa wa mwinuko hapaswi kupanda jioni, kwani akizidiwa kileleni hubebwa gizani, na helikopta hazirukii mabonde hayo usiku.

Majira nayo huamua kama machweo yataonekana. Kuanzia Juni hadi Septemba Khumbu hufunikwa na mvua za pepo za msimu, ambazo ni sehemu ya mfumo uleule unaovumisha kusi katika pwani ya Afrika Mashariki: upepo unaowafikia mabaharia wa Lamu na Zanzibar kutoka kusini huvuka ikweta, hupinda kuelekea Bara Hindi, na unyevu unaochotwa baharini humwagika katika miteremko ya Himalaya. Oktoba na Novemba, mvua zikiisha, anga huwa safi kuliko wakati mwingine wowote. Machi hadi Mei huwa na joto zaidi, lakini mawingu hupanda kutoka mabondeni kila alasiri na mara nyingi huyafunika machweo, na katika miezi hiyo pekee hoja ya kupanda asubuhi hupata uzito.

Hakuna maelezo ya safari hii yanayokamilika bila wapagazi wake. Wengi wa wanaobeba mizigo si Washerpa bali ni Warai, Watamang na watu wengine wa mabonde ya chini, ambao miili yao haikuzoea mwinuko kuliko ya wageni wanaowahudumia. Mzigo huwekwa katika tenga liitwalo doko na kushikiliwa na ukanda uitwao namlo unaopita juu ya paji la uso, huku mkononi kukiwa na fimbo fupi yenye umbo la herufi T ambayo mpagazi huiegemeza chini ya tenga anapopumzika akiwa amesimama, kwa kuwa akiketi chini kuinuka ni taabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Science, uliowapima wapagazi waelekeao Namche, ulikuta kwamba wanaume walibeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wa miili yao na wanawake asilimia 66. Wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro wataitambua kazi hiyo mara moja, na mmoja wa watu wa mlima huo, Mtanzania Wilfred Moshi, aliyeanza kwa kubeba mizigo ya watalii kabla ya kuwa mwongozaji, alifika kilele cha Everest mwezi Mei 2012. Msafara unaopanda Kala Patthar kwa ajili ya machweo hauna budi kuhakikisha kwamba mpagazi aliyebaki Gorak Shep ana mahali pa kulala ndani ya nyumba, nguo nzito na chakula cha moto, na kwamba akiugua atateremshwa akiwa na mtu wa kumsindikiza, kama ambavyo angefanyiwa mgeni.