Saadani Kandoro, malenga wa TANU katika nchi ya pamba na dhahabu

Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na uzalishaji ukakoma 2021. Wengi tunaukumbuka kwa mkataba uliotiwa saini London mwaka 2007. Bunge lilichafuka, mbunge Zitto Kabwe akasimamishwa, na Rais Kikwete akaunda kamati ya madini chini ya Jaji Mark Bomani. Lakini jina la Bomani lilikwishavuma kanda hii ya Ziwa zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, na swali lilikuwa lilelile: mali ikishatoka ardhini, mwenyeji anaambulia nini? Paul Bomani, kaka yake Jaji, aliwahi kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akawaongoza wakulima wa pamba. Katika harakati hizo alikuwa pamoja na mshairi aliyezaliwa Ujiji mwaka 1926, Saadani Abdu Kandoro.

Kandoro aliibukia Mwanza, katika uongozi wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, wa Jimbo la Ziwa. Usukuma, nchi inayoizunguka Mwanza, ulikuwa umebanwa kila upande wakati ule. Serikali ya kikoloni ilitaka watu wapunguze mifugo na walime kwa matuta, na aliyekaidi alitozwa faini kwenye baraza la mtemi. Aliyelima pamba naye alikuwa na kilio chake. Alibeba mzigo hadi sokoni, akausimamia ukiwekwa kwenye mizani ya mnunuzi, akasomewa uzito asioweza kuuhakiki. Pakatokea Waafrika waliojitolea kuupima upya mzigo huo kabla haujafika kwa mnunuzi, ili mkulima ajue haki yake. Kutokana na manung'uniko hayo ndipo Bomani alipoanzisha chama cha wakulima mwaka 1952, na kufikia 1955 vyama vya ushirika vya kanda vikaungana kuwa Victoria Federation.

Siasa na ushirika vilikwenda pamoja kwa sababu watu walikuwa walewale. Anayemtafuta Kandoro katika vitabu vya fasihi peke yake hampati mzima. Ushairi wake ulikuwa sehemu ya kazi ya kuwakusanya watu.

Chukua shairi lake maarufu, "Siafu Wamekazana". Nyoka yumo shimoni, siafu wanamvamia. Ana sumu, ana hasira, lakini wao ni wengi na hawarudi nyuma. Mkoloni hatajwi. Mzee yeyote wa kijijini aliyewahi kuwaona siafu wakipita bomani mwake alijua nani ni nani. Tena ni shairi la vina na mizani, la kuimbwa na kushikwa kichwani, kwa hiyo hata asiyejua kusoma aliweza kulibeba hadi kwao. Kwa chama kilichokuwa kikichungwa na polisi, hilo halikuwa jambo dogo.

Julai 1954 Kandoro alikuwa miongoni mwa wajumbe 17 walioigeuza TAA kuwa TANU, chama cha kudai uhuru, Dar es Salaam. Aliporudi kanda ya Ziwa hakupewa nafasi ya kupumua. Serikali ilikataa kuyasajili matawi ya chama Usukumani, na yeye akaamriwa aondoke jimboni. TANU ilibaki imefungiwa huko hadi 1958. Ni mwaka huohuo ambapo watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi walilopangiwa na serikali, wakatembea kwa maelfu hadi Mwanza kudai lao. Malenga hakuwapo, lakini siafu walikuwapo.

Mapambano hayo aliyaandika mwenyewe katika "Mwito wa Uhuru", kitabu kilichotoka 1961. Diwani yake, "Mashairi ya Saadani", ikafuata mwaka 1972. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 alikuwa mmoja wa washairi walioipigia debe siasa ya ujamaa. Baadaye akasimama na watetezi wa vina na mizani dhidi ya vijana wa mashairi huru, akina Kezilahabi. Katika hilo la mwisho siko upande wake. Kezilahabi alikuwa na haki ya kuvunja umbo. Hata hivyo naelewa kwa nini mtu aliyewahi kuutegemea wimbo wakati hata mkutano ni marufuku hakutaka kuuachia.

Kandoro alifariki mwaka 2001, na mwaka huohuo mgodi wa Bulyanhulu ukaanza uzalishaji. Halmashauri za Kahama na Geita hupokea ushuru wa huduma kutoka migodini kila mwaka, na tunaona madarasa na zahanati zikijengwa, jambo jema kabisa. Nawaomba madiwani watenge kiasi kidogo kuchapisha upya "Mwito wa Uhuru" na kukigawa katika shule za sekondari za kanda hii. Watoto wa wachimbaji na wa wakulima wa pamba wakisome, kwa maana kinawahusu babu zao.