Mtiririko

Maji hutiririka, jasho pia; siku hizi hata kazi za ofisini. “Mtiririko wa kazi” ndilo jina la michoro ya programu za kuendesha kazi kiotomatiki kama n8n, iliyozaliwa Berlin mwaka 2019: kisanduku kimoja husoma safumlalo za Google Sheets, mstari hukiunganisha na kingine kinachotuma barua pepe. Visanduku vya tayari visipotosha, unachomeka kimoja chenye msimbo wako wa JavaScript, mathalani wa kugeuza namba za simu zinazoanza na 07 zianze na +2557. Neno limefaa, ila maji hujitafutia njia. Mtiririko huu, mtu akibadili jina la safu (ya jedwali, si hii unayoisoma) kutoka “Simu” kuwa “Namba”, hukwama papo hapo. Au, vibaya zaidi, huendelea kimya ukiandika nafasi tupu.