Tiba ya testosteroni

Tiba ya testosteroni ni matibabu ambayo mwanamume hupewa homoni ya testosteroni kutoka nje ya mwili kwa sababu mwili wake hautengenezi ya kutosha. Lengo lake ni kurudisha kiwango cha homoni hiyo katika damu kwenye hali ya kawaida na kupunguza dalili zinazotokana na upungufu.

Tiba hii ilianza kwa ajili ya wanaume wenye ugonjwa wa korodani au wa tezi ya pituitari. Katika miaka ya karibuni imetumiwa zaidi na wanaume wa makamo, yaani wenye umri wa miaka 40 hadi 65 hivi, ambao homoni yao imepungua polepole kutokana na umri, unene au magonjwa mengine. Wataalamu hawakubaliani ni nani hasa katika kundi hili anayestahili kutibiwa. Wanakubaliana katika mambo mawili: dawa isitolewe bila vipimo vya damu, na mwanamume anayetaka kuzaa katika siku za karibuni asiitumie, kwa kuwa testosteroni inayotoka nje huzuia utengenezaji wa mbegu za kiume.

Kazi ya testosteroni mwilini

Testosteroni hutengenezwa hasa na seli za Leydig zilizomo ndani ya korodani. Wakati wa balehe huleta sauti nzito, ndevu, misuli na ukuaji wa uume. Kwa mtu mzima hudumisha hamu ya tendo la ndoa, misuli, uimara wa mifupa na utengenezaji wa seli nyekundu za damu.

Kiwango chake huongozwa na ubongo. Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari, nayo pituitari hutoa homoni mbili, LH na FSH. LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni. FSH, pamoja na testosteroni nyingi iliyomo ndani ya korodani zenyewe, huwezesha mbegu za kiume kukua. Testosteroni ikiwa nyingi katika damu, ubongo hupunguza amri hizo. Ikipungua, amri huongezeka.

Utaratibu huo ndio unaoeleza athari muhimu ya tiba hii. Mwanamume akipata testosteroni kwa sindano au jeli, ubongo huona kwamba damu ina homoni ya kutosha, nao huacha kuamuru korodani. Korodani hupunguza kazi, husinyaa kiasi, na mbegu hupungua au hutoweka kabisa.

Upungufu na sababu zake

Upungufu wa testosteroni hugawanywa katika makundi mawili. Katika upungufu wa msingi tatizo liko kwenye korodani zenyewe. Mifano ni sindromu ya Klinefelter (mwanamume kuzaliwa na kromosomu X ya ziada), korodani zilizoumia au kuondolewa, tiba ya saratani, na uvimbe wa korodani unaofuata ugonjwa wa matubwitubwi. Katika upungufu wa pili korodani ni nzima lakini hazipati amri ya kutosha kutoka kwenye ubongo. Sababu zake ni pamoja na uvimbe wa tezi ya pituitari, matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na ugonjwa mzito wa muda mrefu.

Kwa wanaume wa makamo hali mara nyingi haiangukii wazi katika kundi lolote. Kuanzia umri wa miaka 30 hadi 40 testosteroni hupungua kwa wastani wa takriban asilimia 1 kila mwaka, na upungufu huo huwa mkubwa zaidi kwa mtu mnene au mwenye kisukari cha aina ya pili. Hata hivyo wanaume wengi hubaki ndani ya kiwango cha kawaida hadi uzeeni, na hali hii haifanani na kukoma hedhi kwa mwanamke, ambako ovari huacha kazi katika kipindi kifupi.

Utafiti wa Ulaya kuhusu kuzeeka kwa wanaume, uliochapishwa mwaka 2010, uliwachunguza wanaume 3,369 wenye umri wa miaka 40 hadi 79. Watafiti walihesabu kuwa na upungufu wa uzeeni wale tu waliokuwa na kiwango cha chini pamoja na dalili tatu za kijinsia. Waliotimiza masharti hayo walikuwa asilimia 2.1.

Dalili

Dalili zinazoashiria upungufu kwa uhakika zaidi ni kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, uume kutosimama alfajiri kama zamani, na uume kushindwa kusimama. Nyingine ni kupungua kwa nywele za mwilini, kukua kwa matiti, mifupa kuvunjika kirahisi na upungufu wa damu usio na sababu nyingine.

Uchovu, huzuni, usingizi mbaya, kitambi na kusahau mambo hutajwa pia, lakini dalili hizi zina sababu nyingi. Sonona, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, pombe, kazi nyingi na kukatika kwa pumzi usingizini vinaweza kuleta hali ileile. Mtu anayepewa testosteroni kwa uchovu unaotokana na kisukari hubaki na kisukari kisichotibiwa.

Testosteroni na "nguvu za kiume"

Katika mazungumzo ya kila siku ya Kiswahili, maneno "nguvu za kiume" hujumuisha mambo matatu: hamu, kusimama kwa uume, na uwezo wa kuzaa. Kitabibu mambo hayo ni tofauti, na testosteroni haiyagusi kwa namna moja.

Hamu ndiyo inayoitegemea testosteroni zaidi. Kusimama kwa uume hutegemea hasa mishipa ya damu na neva, na kwa wanaume wa makamo tatizo lake mara nyingi hutokana na kisukari, shinikizo la juu la damu, sigara au wasiwasi. Linaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa moyo. Dawa kama sildenafili hufungua mishipa ya damu bila kuongeza homoni yoyote. Kuhusu uwezo wa kuzaa, testosteroni hufanya kinyume cha kile ambacho wengi hutarajia, kwa kuwa huupunguza.

Utambuzi

Miongozo ya vyama vya madaktari hudai mambo mawili kwa pamoja: dalili, na kiwango cha chini kilichothibitishwa na vipimo viwili vya siku tofauti. Damu hutolewa asubuhi, kwa sababu testosteroni huwa juu wakati huo na hushuka mchana. Kipimo hakifanywi wakati mtu ana homa au ugonjwa mkali, kwani kiwango hushuka kwa muda.

Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani hutumia kikomo cha nanogramu 300 kwa desilita ya damu, sawa na takriban nanomoli 10.4 kwa lita. Miongozo mingine ina vikomo tofauti kidogo. Upungufu ukithibitishwa, hupimwa LH na FSH ili kujua kama tatizo liko kwenye korodani au kwenye ubongo.

Aina za dawa

* Sindano za muda mfupi (testosteroni enanthati na sipionati) huchomwa kwenye msuli kila wiki moja hadi nne. Kiwango hupanda siku za mwanzo kisha hushuka, na baadhi ya watu huhisi mabadiliko hayo.
* Sindano ya muda mrefu (testosteroni undekanoati) huchomwa kila baada ya wiki 10 hadi 14.
* Jeli hupakwa kwenye ngozi kila siku. Mtumiaji hutakiwa kunawa mikono na kufunika sehemu aliyopaka, kwa sababu mtoto au mke akiigusa anaweza kupata homoni hiyo. Watoto waliogusa jeli wamewahi kuonyesha dalili za balehe ya mapema.
* Plasta hubandikwa kwenye ngozi, na huweza kusababisha mwasho.
* Vidonge vya undekanoati humezwa pamoja na chakula. Vidonge vya zamani vya methiltestosteroni huepukwa kwa sababu hudhuru ini.
* Vipande vidogo hupandikizwa chini ya ngozi na hudumu miezi kadhaa.

Faida

Kwa mwanamume mwenye upungufu wa kweli, hamu ya tendo la ndoa huweza kurudi ndani ya wiki chache, misuli huongezeka na mafuta hupungua ndani ya miezi.

Kwa wanaume wazee faida ni ndogo zaidi. Majaribio ya Marekani yaliyochapishwa kuanzia mwaka 2016 yaliwahusisha wanaume 790 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Waliopata jeli ya testosteroni kwa mwaka mmoja waliongeza kiasi hamu na shughuli za kijinsia. Upungufu wa damu ulipungua, na mifupa iliongezeka uzito. Kumbukumbu haikuboreka, na uchovu haukupungua kwa kiasi cha maana.

Nchini Australia, jaribio la miaka miwili lililochapishwa mwaka 2021 lilihusu wanaume 1,007 wanene wenye umri wa miaka 50 hadi 74, ambao wote waliwekwa kwenye mpango wa lishe na mazoezi. Mwishoni kisukari kilionekana kwa asilimia 12 ya waliopata testosteroni na asilimia 21 ya waliopata dawa bandia. Lakini damu nzito kupita kiasi ilionekana kwa asilimia 22 ya kundi la kwanza.

Madhara na tahadhari

Madhara ya kawaida ni chunusi, ngozi ya mafuta, kuvimba kidogo kwa miguu na matiti kukua. Dhara linalofuatiliwa zaidi ni kuongezeka kwa seli nyekundu. Sehemu ya damu iliyo seli hizo ikizidi asilimia 54, tiba husimamishwa au dozi hupunguzwa, kwa kuwa damu nzito huweza kuganda.

Mbegu za kiume kwa kawaida hurudi baada ya kuacha dawa, lakini huchukua miezi 6 hadi 12, na kwa wengine zaidi. Mwanamume anayetaka mtoto hutibiwa kwa dawa nyingine zinazochochea korodani zenyewe, kama vile homoni ya hCG.

Tiba haitolewi kwa mwenye saratani ya matiti au saratani ya tezi dume isiyotibiwa, wala kwa aliyepata kiharusi au shambulio la moyo hivi karibuni. Kabla ya kuanza na baada ya hapo hupimwa damu, shinikizo la damu na PSA, ambacho ni kipimo cha damu cha tezi dume.

Suala la moyo

Mwaka 2010 jaribio moja la wazee wenye udhaifu wa miguu liliripotiwa kusimamishwa mapema kwa sababu waliopata testosteroni walipata matatizo mengi zaidi ya moyo. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza vifungashio viweke onyo, na kusisitiza kwamba dawa haijaidhinishwa kwa upungufu unaotokana na umri peke yake.

Jaribio kubwa lililoitwa TRAVERSE lilichapishwa mwaka 2023. Liliwahusisha wanaume zaidi ya 5,200 wenye umri wa miaka 45 hadi 80, wenye upungufu na wenye ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata. Kifo cha moyo, shambulio la moyo au kiharusi vilitokea kwa asilimia 7.0 ya waliopata testosteroni na asilimia 7.3 ya waliopata dawa bandia. Hata hivyo kundi la testosteroni lilikuwa na visa vingi zaidi vya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda kwenye mapafu, figo kuumia ghafla, na kuvunjika mifupa. Matokeo hayo yanawahusu wanaume wenye upungufu uliopimwa, waliofuatiliwa na madaktari. Hayamhusu anayejichoma dozi kubwa bila vipimo.

Historia

Mwaka 1849 Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, aliwahasi majogoo wachanga, kisha akawarudishia baadhi yao korodani tumboni. Waliorudishiwa waliwika na kupigana kama majogoo wa kawaida. Mwaka 1889 Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Morisi, alitangaza mjini Paris kwamba amejidunga maji ya korodani za wanyama na kupata nguvu mpya akiwa na umri wa miaka 72. Baadaye ilijulikana kwamba maji hayo hayawezi kuwa na homoni ya kutosha. Nafuu yake ilitokana na matarajio yake mwenyewe.

Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilitenga testosteroni safi kutoka kwenye korodani za mafahali. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ružička, kila mmoja na wenzake, waliitengeneza maabara. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1939.

Jeli ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2000. Pamoja na matangazo mengi ya biashara, matumizi miongoni mwa wanaume wenye bima wa miaka 40 na zaidi yalipanda kutoka chini ya asilimia 1 mwaka 2001 hadi karibu asilimia 3 mwaka 2011.

Matumizi bila daktari

Testosteroni hutumiwa pia na wanyanyua vyuma na wanamichezo kwa dozi kubwa kuliko za tiba. Imepigwa marufuku na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni. Anayeacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu huweza kubaki na upungufu kwa miezi kadhaa, hadi ubongo uanze tena kuamuru korodani.

Njia nyingine

Kwa mwanamume mnene, kupunguza uzito huongeza testosteroni yake mwenyewe bila kuathiri mbegu. Kutibu kisukari, kulala vya kutosha, kupunguza pombe na kubadilisha dawa zinazoshusha homoni husaidia pia. Kwa sababu hiyo miongozo mingi hushauri hatua hizi zianze kabla ya dawa, au ziende pamoja nayo.

Tazama pia

* Homoni
* Korodani
* Tezi dume
* Kisukari
* Utasa